Mafuta ya Turkana Hayakuanza 2012

Ukimuuliza Mkenya mafuta yetu yaligunduliwa lini, atakuambia 2012. Atakutajia Ngamia, atakutajia Kibaki, na kama ana kumbukumbu nzuri atakupa mpaka tarehe: Machi 26. Sibishani na tarehe. Nabishana na hilo neno "yaligunduliwa". Mafuta ya bonde la Lokichar yalikuwa yametoka ardhini miaka 20 kabla ya siku hiyo, mikononi mwa kampuni ambayo kila mwenye gari hapa nchini anaijua. Kisima kilikuwa na jina. Kilichimbwa, mafuta yakaonekana, watu wakafunga virago wakaenda zao.

Mnaweza kusema huyu anachokonoa mambo ya zamani. Lakini hii stori ya 2012 inatufanya tuamini kwamba mafuta ni bahati: siku moja unachimba, unapata, nchi inatajirika. Halafu miaka inapita, hakuna utajiri, na tunaanza kuuliza ni nani ametuloga. Ukiisoma historia kuanzia mwanzo, huoni uchawi wowote. Unaona watu wakipiga hesabu, na unaona ni nani amekuwa akilipia zile hesabu zikikataa.

Twende polepole. Kwanza tuelewane kuhusu neno bonde. Wanajiolojia wakisema bonde hapa, hawamaanishi lile unaloliona ukisimama kando ya barabara kule juu ya Mai Mahiu. Wanamaanisha bakuli lililo ndani ya ardhi. Kwa mamilioni ya miaka bakuli hilo linajazwa mchanga na matope, tabaka juu ya tabaka, mpaka uzito wa juu unageuza ya chini kuwa mawe. Hayo ndiyo wanaita mashapo. Kama ndani ya matope kulikuwa na mwani na vijidudu vya majini vilivyokufa, na kama vilizikwa kina cha kutosha kupata joto, vinaiva pole pole na kuwa mafuta. Joto likizidi unapata gesi. Kisha mafuta yanapanda, yakijipenyeza kwenye mawe yenye vitundu, mpaka yagonge tabaka isiyopitisha kitu. Hapo yanakusanyika. Sufuria, moto na kifuniko. Kimoja kikikosekana, umechimba shimo la bei ghali sana.

Kenya ina mabonde manne ya aina hiyo. La Lamu, ambalo limeshika Pwani na kuingia baharini. La Anza, linaloanzia upande wa Garissa na kupanda kaskazini magharibi hadi Marsabit, likielekea Ziwa Turkana. La Mandera, pale kwenye pembe yetu na Ethiopia na Somalia. Na lile la Bonde la Ufa, ambalo Lokichar ni kipande chake.

Wazungu walianza na Lamu. Mwaka wa 1954, nchi ikiwa katikati ya hali ya hatari, BP na Shell waliingia pamoja kutafuta mafuta Pwani. Kwa miaka kama 17 walichimba visima 10 hivi, kuanzia Walu na Dodori hadi Garissa, Pate na Kipini. Kwingine walikuta dalili za gesi, kwingine madoa ya mafuta kwenye mawe. Hakuna kisima hata kimoja kilichofikishwa kwenye uzalishaji. Bendera ya Mwingereza ikashuka, ya kwetu ikapanda, na mitambo ikaendelea kuchimba bila kujali nani yuko Ikulu. Baadaye wakaja wengine. Chevron na Esso walichimba Anza na Bahati mwaka wa 1976. Baharini kikachimbwa kisima cha Simba, halafu Kofia na Maridadi. Napenda sana hayo majina. Mtu anatoka Marekani na mtambo wa mamilioni ya dola, anafika kwetu, anachimba, hapati kitu, na anachokuachia ni shimo linaloitwa Maridadi.

Sasa mbona hawakuanzia Turkana? Kuna majibu mawili. La kwanza ni la mawe. Kwa muda mrefu wataalamu wengi waliliona Bonde la Ufa kama mahali pa volkano, penye joto jingi na vibakuli vidogo visivyo na faida. Pwani ilikuwa na mashapo mengi, tena bahari iko hapo hapo, ukipata mafuta unapakia meli na kuondoka.

Jibu la pili ni la siasa, na hili ndilo hatupendi kulisema. Turkana ilikuwa imefungwa. Chini ya sheria za mkoloni, maeneo makubwa ya kaskazini yaliwekwa kando kama wilaya ambazo mtu wa nje haingii bila kibali na mwenyeji hatoki bila kibali. Mkoloni alipotaka kumficha mtu mpaka asahaulike, alimpeleka huko. Jomo Kenyatta na wenzake waliohukumiwa Kapenguria mwaka wa 1953 walifungwa Lokitaung, kaskazini kabisa mwa Turkana, na mwaka wa 1959 Kenyatta akahamishiwa Lodwar. Yaani serikali ilikuwa na njia ya kufikisha wafungwa kule lakini haikuwa na sababu ya kufikisha barabara.

Uhuru ulipokuja tungetarajia hilo libadilike. Mwaka wa 1965 serikali ikatoa ile hati maarufu ya sera, Sessional Paper Namba 10, na humo ikaandikwa kwamba pesa za maendeleo ziende kwenye sehemu zitakazorudisha faida kubwa: penye ardhi nzuri, mvua nzuri, barabara, umeme, na watu waliokuwa tayari kupokea maendeleo. Ukiisoma na ramani mkononi unajua mara moja nani yuko ndani na nani yuko nje. Kaskazini yote ikabaki nje. Ati haina uwezo. Na wakati hati hiyo inaandikwa, chini ya ardhi hiyo isiyo na uwezo kulikuwa na mafuta yaliyotulia kwa mamilioni ya miaka.

Kilichobadilisha mawazo ya wenye mitambo hakikutoka Nairobi. Kilitoka Sudan. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Chevron walipata mafuta mengi kule Sudan Kusini ya leo, kwenye bonde la bara, mbali kabisa na bahari. Kumbe inawezekana! Wanajiolojia wakatazama ramani wakaona mabonde yale yana ndugu zake upande wetu, na Anza ndiye ndugu wa karibu zaidi. Bei ya mafuta nayo ilikuwa imepaa baada ya misukosuko ya 1973 na 1979. Serikali ikaunda shirika la taifa la mafuta, National Oil, mwaka wa 1981, na katikati ya mwongo huo ikarekebisha sheria ili kampuni za nje zipate mikataba ya kugawana mafuta. Huo mkataba muushike, tutaurudia.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, Amoco na Total wakachimba mfululizo kule Anza. Majina ya awamu hii yanachekesha pia: kuna Sirius na Bellatrix, hizo ni nyota, halafu kuna Ndovu na Duma. Dalili zilikuwepo, mafuta ya kuuza hayakuwepo. Lakini Amoco walifanya kitu kingine ambacho ni wachache wanakikumbuka. Walipeleka vifaa vya kupima mitetemo ya ardhi mpaka Turkana. Hivyo vifaa hufanya kazi kama mtu anayegonga ukuta kusikia wapi kuna uwazi: unatetemesha ardhi, mawimbi yanashuka, yanagonga tabaka za mawe na kurudi, nawe unanasa mwangwi. Mwangwi wa Lokichar ukaonyesha bakuli lenye mashapo ya kina cha kilomita 7 hivi. Chini ya ile nchi ya vumbi na migunga kulikuwa na matope ya maziwa ya kale, mazito, yaliyozikwa vizuri. Sio Ziwa Turkana hili la leo. Ni maji ya zamani zaidi, ya mamilioni ya miaka iliyopita, ambayo hayapo tena.

Halafu ndio tunafika Loperot. Mwaka wa 1992, Shell walichimba kisima Loperot-1 ndani ya bonde la Lokichar. Wakapata mafuta. Sio dalili ya gesi wala madoa tu, ni mafuta yenyewe yaliyotolewa na kupimwa, ingawa kiasi kilikuwa kidogo. Yalikuwa yamejaa nta, yale mafuta ambayo yakipoa yanaganda kama Kimbo asubuhi ya baridi. Wakachimba kisima kingine Eliye Springs, kando ya ziwa, hakikuzaa kitu. Wakaondoka.

Jiweke kwenye kiti cha meneja wa Shell mwaka ule. Pipa la mafuta linauzwa karibu dola 20. Umepata mafuta yanayoganda, katikati ya nchi isiyo na barabara ya maana, isiyo na umeme, bandari iko kama kilomita 1,000. Bomba la kuyasafirisha lazima lipashwe moto njia nzima. Hesabu haihitaji kikokotoo. Simlaumu. Lakini kisima kilipofungwa, kitu kimoja kilibaki wazi: yeyote mwenye uwezo wa kusoma ripoti alijua kwamba sufuria ya Lokichar iliwahi kuwekwa motoni na kitu kikaiva. Kwa miaka 20 iliyofuata hatukuwa nchi isiyo na mafuta. Tulikuwa nchi yenye mafuta ambayo bei haikuwa imeyafikia.

Na hatuko peke yetu kwenye hii. Majirani zetu Uganda walijua kuhusu mafuta yanayochuruzika kando ya Ziwa Albert tangu miaka ya 1920, yakiandikwa na mwanajiolojia wa serikali ya kikoloni, E. J. Wayland. Mwaka wa 1938 kikachimbwa kisima Waki, karibu na Butiaba, na dalili za mafuta zikaonekana. Vita Vikuu vya Pili vikaja, shughuli zikalala, na dunia ikasubiri mpaka 2006 ndipo ikatangazwa kwamba Uganda "imegundua" mafuta. Miaka 68! Ukihesabu hivyo, sisi na 20 yetu ni wepesi.

Ilikuwa ni hiyo 2006 ya Uganda iliyofungua upya faili ya Lokichar. Kama bonde la ufa la magharibi limezaa, kwa nini la mashariki lisizae? Wakati huohuo bei ilikuwa ikipanda: Julai 2008 ilipita dola 140 kwa pipa, ikaanguka, ikapanda tena, na kufikia 2011 ilikuwa juu ya 100. Tullow, waliokuwa tayari wako Uganda, waliingia ubia na Africa Oil mwaka wa 2010 kwenye maeneo yetu ya kaskazini. Hawakuanzia kwenye karatasi nyeupe. Walikuwa na mwangwi wa Amoco na mafuta ya Shell. Mtu akikuambia walibahatisha, mwambie asome tena.

Kwa haki, niseme pia kwamba bahati mbaya zilikuwepo. Woodside, Waaustralia, walichimba Pomboo kwenye bahari yetu mwaka wa 2007, kikavu. Wachina wa CNOOC walishuka zaidi ya mita 5,000 kule Boghal, bonde la Anza, wakamaliza 2010 bila mafuta ya kuuza. Kabla ya Ngamia, Kenya ilikuwa imetobolewa visima zaidi ya 30. Kwa hiyo kuna ujasiri fulani katika kuendelea kutoboa, na sitaki kuuchukua kutoka kwa waliofanya kazi hiyo.

Basi Machi 2012 ikafika, na mwezi huo ulikuwa na mambo. Tarehe 2, Mwai Kibaki, Salva Kiir wa Sudan Kusini na Meles Zenawi wa Ethiopia walikutana Lamu kuzindua LAPSSET: bandari, reli, barabara, na bomba la mafuta. Tarehe 26, Kibaki akaitangazia nchi kwamba kisima Ngamia-1 kimegonga mafuta, tabaka yenye unene wa zaidi ya mita 20. Wiki chache baadaye wakasema ni zaidi ya mita 100. Kibaki mwenyewe alionya kwamba safari ya kufikia uzalishaji ni ndefu, zaidi ya miaka mitatu. Watu walisikia neno mafuta, hiyo nyingine ikapita.

Visima vikafuatana, na safari hii majina yakaanza kuongea Kiturkana. Baada ya Ngamia na Twiga kukaja Etuko, punda milia. Ekales, mbuni. Amosing, kifaru. Etom, ndovu. Wanyama wakamaliza kuitwa kabla pesa haijaitwa. Mwaka uliofuata, Septemba 2013, ikatangazwa tena kwamba chini ya Turkana, pale Lotikipi, kuna hifadhi kubwa ya maji ya kutosheleza nchi kwa miaka mingi. Baadaye maji yakapimwa, yana chumvi. Fikiria wewe ni mfugaji wa Turkana: ndani ya miezi 18 umeambiwa umekalia mafuta na umekalia maji, na bado unatembea na mtungi.

Hapo ndipo mambo yakaanza kuchacha. Oktoba 2013 wakazi wa Turkana waliandamana na kuingia kwenye kambi za Tullow wakidai kazi na tenda, na kampuni ikasimamisha shughuli kwa muda. Nairobi wengi walishtuka. Wengine walisema hawa watu hawajui maendeleo, ni vile tu waliambiwa 1965 kwamba hawako tayari kuyapokea. Lakini angalia sheria inavyosema. Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inasema madini na mafuta yote ni mali ya umma yanayoshikiliwa na serikali ya kitaifa. Kifungu cha 63 kinasema ardhi ya malisho ya jamii ni ya jamii. Kwa hiyo juu ni kwa mfugaji, chini ni kwa taifa, na mtambo lazima upite juu ili ufike chini. Mtu anayepoteza njia ya mifugo leo anaambiwa asubiri asilimia ya kesho.

Na hiyo asilimia yenyewe ilipiganiwa kwelikweli. Mswada wa mafuta ulipelekwa kwa Rais Uhuru Kenyatta mwaka wa 2016, akakataa kuusaini. Jamii ya mahali ilikuwa imetengewa asilimia 10. Upande wa serikali ulitaka 5. Gavana Josphat Nanok akavutana na Rais mpaka kwenye majukwaa ya kampeni. Mei 2018 wakapatana: kaunti asilimia 20, jamii asilimia 5. Sheria yenyewe ikasainiwa Machi 2019. Kumbuka tu kwamba hizo ni asilimia za fungu la serikali, sio za mafuta yote. Nitaeleza kwa nini hilo ni kubwa kuliko tofauti ya 5 na 10.

Juni 3, 2018, Uhuru alipungia bendera malori ya kwanza ya mafuta ghafi pale Ngamia 8. Baba yake aliletwa Turkana na pingu, yeye akaja kutoa mafuta. Historia ya nchi hii wakati mwingine inajiandika yenyewe. Kabla mwezi haujaisha, wakazi walifunga barabara wakisema hakuna lori litakalopita wakati wezi wa mifugo wanawaua na serikali haionekani. Malori yalisimama mpaka Agosti. Mtu anaweza kusema wivu, mtu anaweza kusema siasa. Mimi naona ni mara ya kwanza kwa watu wa Turkana kuwa na kitu mkononi ambacho Nairobi inakihitaji, wakakitumia kuomba polisi.

Malori hayo yalibeba mafuta kwenye matangi yaliyovalishwa koti la kuhifadhi joto ili nta isigande njiani, mpaka Changamwe. Pale kuna kiwanda cha kusafishia mafuta kilichoacha kusafisha mwaka wa 2013, mwaka mmoja tu baada ya Ngamia. Kwa hiyo kiwanda kikatumika kama stoo. Agosti 2019 meli ikaondoka Mombasa na mapipa zaidi ya 200,000, yaliyouzwa kwa kampuni ya Kichina kwa dola milioni 12 hivi. Tukaambiwa sasa sisi ni nchi inayouza mafuta nje. Twita ikalipuka. Miezi michache baadaye mvua kubwa zikavunja barabara ya kutoka Lodwar kushuka Kapenguria, na malori yakaacha kwenda.

Bomba je? Hilo nalo lina maumivu yake. Ndoto ya mwanzo ilikuwa Uganda na Kenya watumie bomba moja kupitia Lokichar hadi Lamu, wagawane gharama. Aprili 2016 Uganda ikachagua kwenda Tanga. Kuanzia hapo bomba la Lokichar kwenda Lamu, zaidi ya kilomita 800, tena la kupashwa moto, likabaki mzigo wa mafuta yetu peke yake. Na bei ilikuwa imerudi kule kule: chini ya dola 50 mwanzoni mwa 2015, chini ya 30 Januari 2016. Meneja wa 1992 angeitambua hesabu hiyo hata kwenye giza.

Mengine mnayajua. Mei 2020, Tullow na wenzake walitangaza kwamba mambo yaliyo nje ya uwezo wao yamewazuia kuendelea, kisha wakaondoa tangazo hilo miezi michache baadaye. 2021 wakaleta mpango mpya wenye hesabu nzuri: mapipa milioni 585 yanayoweza kutolewa, mapipa 120,000 kwa siku. 2023 Africa Oil na TotalEnergies wakajitoa, Tullow wakabaki peke yao na asilimia 100 ya kitu wasichoweza kukijenga peke yao. 2025 wakauza yote kwa Gulf Energy, kampuni ya hapa nyumbani, kwa angalau dola milioni 120. Kwa hiyo waliokuja 2010 wameondoka, kama wa 1992 walivyoondoka, kama wa 1971 walivyoondoka. Tofauti ni kwamba safari hii shimo lina mwenyewe mpya.

Sasa turudi kwenye ule mkataba wa kugawana mafuta. Jina linasikika kama karamu: wewe chukua hiki, mimi nichukue kile. Ndani yake kuna utaratibu. Mafuta yakianza kutoka, kampuni kwanza inajirudishia gharama zake kutoka kwenye mafuta hayo, kwa kiwango kilichowekwa cha kila mwaka. Kinachobaki baada ya hapo ndicho kinaitwa faida, na ndicho kinagawanywa kati ya kampuni na serikali. Kutoka kwenye kipande cha serikali ndio unakata 20 ya kaunti na 5 ya jamii. Kwa hiyo mtu wa Nakukulas yuko mwisho kabisa wa foleni, na urefu wa foleni unategemea daftari ambalo hajawahi kuliona: kila kambi, kila mtambo uliokodishwa ukakaa, kila tiketi ya ndege, kila mwaka wa kusubiri bei. Tulipigana miaka mitatu juu ya 5 au 10. Asilimia 10 ya kitu kidogo inaweza kuwa ndogo kuliko 5 ya kitu kikubwa, na ukubwa wa kitu unaamuliwa na lile daftari.

Ndiyo maana stori ya bahati inaniudhi. Ukiamini ni bahati, swali lako pekee ni "mafuta yanaanza kutoka lini?", na kila waziri anayekuja atakupa mwaka. Kibaki alipewa, Uhuru alipewa, na sasa tunapewa tena. Ukiijua historia unauliza mengine. Gharama zilizoidhinishwa kurudishwa ni ngapi, na nani alizikagua? Mnunuzi aliyelipa dola milioni 120 anarithi haki ya kujilipa gharama zote za waliomtangulia, au zile alizotumia yeye tu? Bei ikishuka tena, na itashuka, nani anabeba: anayeshikilia leseni, au mwenye malisho yaliyozungushiwa ua? Lamu tayari kuna bandari ambayo gati yake ya kwanza ilianza kazi Mei 2021 bila tone la mafuta ya Lokichar kufika. Bomba likishindikana tena, malori yatarudi kwenye barabara ileile?

Kifungu cha 71 cha Katiba kinataka mikataba ya rasilimali ipitishwe na Bunge. Kwa hiyo kuna mbunge wako kwenye hii, hata kama wewe ni wa Kisii au Kwale na hujawahi kufika Lodwar. Mwandikie umuulize swali moja tu, la lile daftari: jumla ni ngapi hadi leo, na mstari kwa mstari ni za nini. Akikujibu, niletee hapa nami nitaziweka zote, mpaka tiketi za ndege.